Sicily ama Nikufe

Grupu letu la WhatsApp linaitwa Sicily ama Nikufe. Tuko wanne, wasichana wote, tumejuana tangu sekondari. Tulilifungua Januari 2023, wiki ile tulimaliza kutazama msimu wa pili wa The White Lotus, na jina alilitoa yule wetu ambaye hajui kupenda kitu polepole. Tukakubaliana kila mtu atatuma elfu kumi kwa mwezi. Kodi ya nyumba ilipopanda, tulituma. Mmoja wetu alipofutwa kazi tulimsubiri miezi mitatu, akapata nyingine, tukaendelea. Chama chetu kimeshikana kuliko ndoa kadhaa ambazo nilichangia harusi zake.

Mimi ndiye nilisomea fasihi, kwa hivyo nikaachiwa kazi ya kuandika: ratiba. Siku kumi, mwisho wa Septemba, wakati joto limepungua kidogo na watalii wa Agosti wamerudi makwao. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika Siku ya 1, na vidole vikaendelea vyenyewe. Taormina. Kiamshakinywa tukitazama mlima Etna. Kuogelea. Kinywaji cha jioni chenye rangi ya chungwa. Boti. Kufika Siku ya 4 nikasimama, kwa sababu niligundua hii ratiba ilikuwa imeshaandikwa na mtu mwingine. Nilikuwa nanakili kamera, picha kwa picha, hadi saa za kuogelea.

Ndiyo sababu ya makala haya. Nataka kukisoma kile kipindi kama kitabu cha mwongozo wa safari, maana hivyo ndivyo sisi tulikitumia, na sidhani tuko peke yetu. Swali langu ni moja tu. Kazi ya sanaa ikikufanya utamani kisiwa, imekuwekea wewe nafasi gani kwenye hicho kisiwa? (Tahadhari: nitasema nani anakufa. Kipindi ni cha 2022, muda mmepewa wa kutosha.)

Kicheko kinachouza vyumba

Kama hujakitazama, mambo ni haya. Mike White, ambaye ndiye mwandishi na mwelekezi, huchukua kundi la matajiri, wengi wao Wamarekani, akawafungia ndani ya hoteli ya kifahari kwa wiki moja, kisha akawaacha waharibiane. Msimu wa kwanza ulikuwa Hawaii, wa tatu Thailand. Wa pili ulipigwa Taormina, kwenye hoteli ya San Domenico Palace, jumba ambalo zamani lilikuwa nyumba ya watawa wa Kidominiko na sasa linaendeshwa na Four Seasons. Sehemu saba. Kuna wanandoa wawili wanaooneana wivu, kuna babu, baba na mwana wanaotafuta asili yao kijijini, na kuna Tanya, mama tajiri mpweke anayeigizwa na Jennifer Coolidge.

Niseme ukweli, ni kazi nzuri. Mazungumzo ya mezani yameandikwa na mtu anayejua watu husema nini wakitaka kuficha kingine. Na wale wasichana wawili wa hapo mjini, Lucia na Mia, wanaoingia hotelini kupitia mifuko ya wageni, ndio wenye akili kushinda kila mtu aliyelipia chumba. Msichana yeyote wa Nairobi aliyewahi kupimwa kwa macho na mlinzi wa hoteli kubwa atawaelewa bila kufafanuliwa. Tuliwashangilia kama timu ya taifa.

Shida yangu ni kitu kinachotokea polepole. Kwa karibu saa saba kipindi kinawacheka matajiri. Kinaonyesha ni waongo, ni wapweke, hawawezi hata kufurahia jua walilolilipia. Kisha saa saba zinaisha na wewe unataka kulala kwenye kitanda chao. Kile kicheko ndicho kinakupa ruhusa. Kama umeshawacheka, basi ukienda wewe hutakuwa kama wao, si ndio? Wewe utaenda ukijua. Nadhani hii ndiyo sababu kipindi cha kuwakejeli watalii kinaweza kuvutia watalii, na hakuna anayeona ajabu. Kejeli imekaa ndani ya geti la hoteli. Hata ikirusha mawe, inayarusha ikiwa kando ya bwawa la kuogelea.

Na angalia kile bahari inafanya pale. Katika dakika za kwanza kabisa mama mmoja anaingia majini kuogelea mara ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani, anagongana na maiti. Kuanzia hapo unabaki kubahatisha ni nani. Kwenye sehemu ya mwisho unajua: Tanya, akijaribu kutoroka kwenye boti ya kifahari, anateleza, anagonga kichwa, anazama. Ni kifo cha kijinga na cha kuchekesha, na kimepangwa kiwe hivyo. Sisi tulicheka. Tulitumiana vibonzo wiki nzima. Ndipo jina la grupu likazaliwa: tulimaanisha tuende Sicily hata kama ni kufa kama Tanya.

Sisemi tamthilia ya kuchekesha igeuke taarifa ya habari. Lakini bahari yenyewe si ya kubuni. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limehesabu zaidi ya watu 25,000 waliokufa ama kupotea Mediterania tangu 2014, wengi wao kwenye njia ya katikati, ile inayotoka Libya na Tunisia kuelekea Italia. Kwenye kipindi, kuzama ni jambo la kushangaza linalompata mtu mmoja mwenye mali. Hicho ndicho kilichonirudia nikiwa pale Siku ya 4, nikiandika neno boti.

Mtu aliyegeuzwa chungu

Mwafrika yuko ndani ya hiyo hoteli, lakini. Yuko tangu sehemu ya kwanza, na kamera inamrudia tena na tena. Ni chungu cha maua.

Huko Sicily huitwa testa di moro, kichwa cha Mmoro. Moro ni neno la zamani ambalo Wazungu walitumia kumwita Mwislamu wa Afrika Kaskazini, na mara nyingi mtu mweusi yeyote. Ni kichwa cha udongo wa kauri, kimevikwa taji, kimepakwa rangi, na utosi wake uko wazi ili upandwe maua. Mara nyingi huuzwa viwili viwili, mwanamume mweusi na mwanamke mweupe. Utaviona kwenye roshani kisiwa kizima, na mji wa Caltagirone ni maarufu kwa ufinyanzi huo.

Hadithi yake ni kwamba zamani, kwenye mtaa wa Kalsa pale Palermo, msichana mmoja alikuwa akitunza maua kwenye roshani. Mmoro akapita, akampenda, wakawa pamoja. Baadaye msichana akagundua kwamba jamaa ana mke na watoto kwao na anapanga kurudi. Usiku, mwanamume akiwa usingizini, akamkata kichwa, akakiweka roshani, akapanda mrihani ndani. Mrihani ukastawi sana kiasi kwamba majirani wakaona wivu, wakafinyangisha vyungu vya sura hiyo hiyo.

Kwenye The White Lotus mfanyakazi wa hoteli anawasimulia wageni toleo fupi la kisa hiki mara tu wanapofika, na mmoja wa wake anakigeuza kuwa onyo kwa waume wanaocheza nje. Basi. Kuanzia hapo vichwa vinatumika kama dalili: mtu akidanganya, kamera inaonyesha kichwa. Kama mbinu ya kusimulia, inafanya kazi vizuri kabisa. Lakini hakuna hata mgeni mmoja, wala mwandishi, anayeuliza yule mtu alikuwa nani. Alifikaje? Huyo mke aliyeachwa nyumbani alimsubiri miaka mingapi? Wivu umebaki hadithi, na kifo chake kimekuwa pambo.

Nilisimamisha video pale nikipitia mara ya pili kwa ajili ya ratiba. Wakati huo huo, juu ya grupu, yule mwenye jina la grupu akatuma picha ya vichwa viwili: "Hizi vitu ni moto! Naleta jozi, zikae kwa balcony yangu ya Kilimani."

Sikumjibu. Sikujua ningemwambia nini bila kumharibia. Na kusema kweli, kama picha tu, ni vizuri.

Ufuo bora duniani

Kosa lililofuata ni langu. Nilitaka ratiba iwe na kitu ambacho hakikutoka kwenye kipindi, kwa hivyo nikaenda kwa zile orodha za fukwe bora. Nikapata Spiaggia dei Conigli, Ufuo wa Sungura, kwenye kisiwa cha Lampedusa. Maji yake ni meupe karibu na mchanga, halafu ya samawati, na boti zikipigwa picha huonekana kama zinaning'inia hewani. Ni hifadhi, kasa hutaga mayai hapo. Mwaka wa 2013 watumiaji wa TripAdvisor waliuchagua ufuo bora duniani. Nikaandika Siku ya 7: Lampedusa, nikaweka emoji ya mwavuli na ya wimbi, nikatuma kwa grupu.

Wawili walijibu kwa mioyo. Yule wetu wa Eastleigh alisoma, akanyamaza.

Sasa wacha nieleze kitu ambacho nilikuwa nakijua na nikakisahau, sijui ni kipi kibaya zaidi. Lampedusa ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba kama 20, wakazi elfu sita hivi. Ni Italia, lakini kiko karibu na Tunisia kuliko Sicily. Tarehe 3 Oktoba 2013, mwaka ule ule wa tuzo, boti iliyotoka Misrata, Libya, ilizama alfajiri karibu kabisa na huo Ufuo wa Sungura. Injini ilikuwa imekufa. Watu wakawasha blanketi ili waonekane kutoka nchi kavu, moto ukashika, watu wakakimbilia upande mmoja, boti ikapinduka. Walikufa 368. Karibu wote walikuwa Waeritrea.

Na huyu beshte yangu ana kaka. Alienda tahriib. Hilo ndilo neno wanalotumia Wasomali kwa safari hiyo, na Eastleigh hakuna mtu anayehitaji kutafsiriwa. Alipitia Sudan, akafika Libya, akapiga simu mara mbili, ya pili akiomba pesa ambazo familia ilichanga kwa siku nne. Ujumbe wa mwisho ulisema wanaondoka usiku huo. Ilikuwa 2015, sisi tuko kidato cha tatu. Nilikuwa deski moja na yeye. Halafu miaka kumi baadaye namtumia mwavuli na wimbi.

Nilimpigia usiku. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Usiitoe," akasema.

"Nitatoa, aki. Sikufikiria."

"Nimesema usiitoe. Mimi siogelei hapo. Lakini nataka kufika. Kwani nitafika lini tena?"

Tukakaa kimya kwa laini. Baadaye akauliza kama chakula cha huko ni halali, nikasema nitaangalia.

Filamu iliyotoka nje ya geti

Ndipo nikatazama Fuocoammare, filamu ya hali halisi ya Gianfranco Rosi kuhusu Lampedusa, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la Berlin mwaka wa 2016. Naipendekeza kwa yeyote anayepanga kuogelea popote Mediterania, na nitaeleza pia mahali iliniacha na njaa.

Rosi alikaa kisiwani zaidi ya mwaka. Hasimulii, hahoji. Anamfuata mvulana anayeitwa Samuele, mwana wa mvuvi, anayetengeneza manati na kuchonga nyuso kwenye mipungate, na ambaye anatapika akipanda boti ya baba yake. Jicho lake moja ni vivu, daktari analifunika lile zuri ili lile vivu lilazimike kuona. Ukitaka mfano wa Ulaya, umepewa, na filamu haikusukumi uuone. Pembeni ya maisha haya ya kawaida kuna maisha mengine: sauti kwenye redio ikiomba msaada usiku huku askari wa pwani akiulizia boti iko wapi, kisha miili, kisha mablanketi yanayong'aa. Maisha haya mawili hayakutani. Kiungo pekee ni daktari, Pietro Bartolo, ambaye humtibu Samuele na pia hupima walio hai na waliokufa bandarini. Kuna mahali anampiga picha ya tumbo mama mjamzito aliyetoka kwenye boti, anatafuta pacha mmoja nyuma ya mwingine, anaongea naye taratibu ingawa hawana lugha ya pamoja. Sijaona upole wa aina hiyo kwenye filamu nyingi.

Tofauti na The White Lotus, hii inatoka nje ya geti. Lakini hebu hesabu majina. Mvulana ana jina, daktari ana jina, bibi anayetandika kitanda na kubusu picha za watakatifu anajulikana jina. Wale waliovuka wanashuka na namba. Kuna jamaa mmoja kutoka Nigeria anayesimulia safari yote, jangwa, Libya, bahari, kwa sauti ya maombi huku wenzake wakiitikia nyuma yake, na ni dakika zenye nguvu kuliko zote. Hata hivyo sijui anaitwa nani. Mahali pekee nilipowaona wakiwa vijana wa kawaida ni pale usiku, ndani ya kituo, wakicheza mpira na kushangilia majina ya nchi zao. Nilitamani Rosi akae pale nusu saa. Najua kwa nini hakukaa: watu wanapita kituoni siku chache, Samuele haendi popote. Ndio ukweli wa kisiwa. Lakini Rosi mwenyewe alizaliwa Asmara, mji ambao Italia iliutawala hadi 1941. Kati ya waelekezi wote wa Ulaya, yeye angeweza kuuliza jina.

Kwa hivyo mpaka hapo nilikuwa na Waafrika wawili wa Sicily kwenye skrini. Mmoja ni chungu cha maua. Wa pili ni kwaya isiyo na majina. Wa kwanza anakusudiwa nimnunue, wa pili nimlilie. Hakuna kazi kati ya hizo mbili iliyofikiria kwamba siku moja nitakuja na tiketi ya kurudi, nikitaka aiskrimu.

Hadithi ambayo lazima iishie nyumbani

Kuna maandishi mengine kuhusu Mediterania ambayo kila Mkenya anayepanga likizo huko lazima ayaandike mwenyewe: ombi la viza ya Schengen. Fasihi haijayapa heshima yake. Ni hadithi ya nafsi ya kwanza yenye sharti moja, kwamba mwisho ujulikane tangu mwanzo, na mwisho huo uwe kurudi. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Taarifa za benki, barua ya mwajiri, mahali pa kulala kila usiku, tiketi ya kurudi. Unathibitisha kwamba hutapenda kule kupita kiasi. Hadithi ya kichwa cha Mmoro ni kinyume chake: yeye aliuawa kwa kutaka kurudi nyumbani.

Na huku kwetu? Mtaliano akitaka jua la Malindi, anajaza fomu mtandaoni, analipa dola 30 hivi, anakuja. Wamekuja hivyo tangu miaka ya 1960, wakati Italia ilijenga kituo cha kurusha setilaiti cha San Marco nje ya Malindi, na leo kuna vijana wa ufuoni wanaoongea Kiitaliano kuliko mimi ninavyoongea Kifaransa nilichosoma miaka minne. Hakuna anayemuuliza kama atarudi. Wengine hawakurudi, wakajenga.

Siandiki haya ili nilalamike, fomu ni fomu, nitaijaza. Nayaandika kwa sababu niligundua nimejifunza kuisoma Sicily vile fomu inavyonisoma mimi. Nilikuwa nimekubali kwamba mimi ni mgeni ambaye lazima ajieleze, kwenye kisiwa ambacho hakinijui.

Kumbe kinatujua

Hapa ndipo ratiba ilibadilika. Nilianza kusoma vitabu badala ya orodha, na cha kwanza kunishangaza kilikuwa cha 1154. Mwaka huo, Palermo, mwanajiografia Mwislamu aitwaye al-Idrisi alimaliza kitabu kikubwa cha ramani na maelezo ya dunia alichokiandika kwa ajili ya mfalme Roger wa Pili, mfalme Mkristo wa asili ya Normandi. Sicily ilikuwa imetawaliwa na Waarabu kutoka karne ya 9 hadi ya 11, na wafalme waliofuata waliendelea kuajiri wasomi wao. Ndani ya kitabu hicho kuna pwani yetu. Kuna Malindi, na habari za chuma chake. Kuna Mombasa. Al-Idrisi hakufika, alitegemea wasafiri. Lakini karibu miaka 900 iliyopita, mtu wa Palermo aliyetaka kujua Malindi iko wapi angeweza kuambiwa.

Kisha maneno. Kisiwa cha Pantelleria, jirani wa Lampedusa, hulima zabibu zinazoitwa zibibbo. Soma tena polepole. Neno limetoka Kiarabu, kama letu. Na kule Favignana, kiongozi wa wavuvi wa jodari alikuwa akiitwa rais. Nilituma hiyo kwa grupu, jibu la kwanza likawa: "Yeye angalau alikuwa anavua."

Na mwisho, mtu. Karne ya 16, kwenye mji mdogo wa San Fratello, alizaliwa Benedetto, mwana wa Waafrika waliofanywa watumwa. Akawa mtawa nje kidogo ya Palermo, akapewa kazi ya kupika. Hakujua kusoma wala kuandika, na wenzake wakamchagua awe mkuu wa nyumba yao ya watawa. Alifariki 1589, akatangazwa mtakatifu 1807, na ni mmoja wa watakatifu walinzi wa Palermo. Anaitwa San Benedetto il Moro. Ndio, Mmoro. Neno lile lile la chungu. Mabaki ya mwili wake yaliungua Julai 2023, moto wa msituni ulipoifikia kanisa la Santa Maria di Gesù alikozikwa. Kwa hivyo kuna Mmoro mwenye jina, mwenye kazi, mwenye mahali, na sikuhitaji kumtafuta sana. Nilihitaji tu kuacha kutazama mahali ambapo kamera ilinielekeza.

Hilo ndilo naweza kusema kuhusu kusoma na kusafiri. Kipindi kizuri kinaweza kukupa hamu, na hamu si dhambi. Mwafrika ana haki ya kwenda kukaa tu kando ya maji bila kuwa somo la mtu. Ila ukipanga safari kwa kipindi kimoja, unaingia na nafasi uliyowekewa humo, na kwa watu wanaofanana na mimi hiyo nafasi ilikuwa roshani, juu ya shingo iliyokatwa. Soma cha pili. Soma cha tatu. Mahali fulani kuna mtu aliyeandika kisiwa hicho akiwa na habari zako.

Ratiba ya sasa ina usiku mmoja tu Taormina, kwa sababu demokrasia. Palermo siku nne: Kalsa, makanisa, na kile kilima cha Santa Maria di Gesù. Kuhusu vile vichwa, tumebishana kwa sauti za WhatsApp za dakika tano tano. Nilimsimulia yule mwenye balcony kisa chote. Alikaa siku mbili, akaandika kwamba bado anavitaka, lakini atanunua cha mwanamume peke yake, akipe jina na asipande kitu kichwani. Sijui kama hilo ni jibu. Ni zaidi ya lile The White Lotus ilijaribu.

Jina la grupu bado halijabadilishwa. Nilipendekeza libadilishwe, na aliyekataa ni yule wa Eastleigh. Alisema tuliliandika tukicheka, liache likae, asitake mtu yeyote aanze kutembea kwa vidole mbele yake. Miadi ya kupeleka makaratasi ni mwezi ujao. Siku ya 7 nimeiandika hivi: Lampedusa, ndege ya asubuhi kutoka Palermo, chakula cha halali nimeulizia. Nimetoa mwavuli. Nimetoa wimbi.